Kibali Kwanza, Msingi Baadaye

Somo kwa wanachama wanaokusudia kujenga shambani



Kila msimu wa karafuu unapokuwa mwema, baada ya mavuno mafundi waashi hawapatikani. Huyu anajenga ghala, yule anamwaga sakafu ya kuanikia, na mwingine anaezua makuti ili apige mabati. Hayo ni maendeleo, nasi twayafurahia. Lakini twaona pia kuwa wengi wetu huanza na fundi, kisha saruji, kisha msingi, na neno la kibali hulikumbuka pale mkaguzi anaposimama mbele ya ukuta. Kwa hiyo mara hii somo letu si la kuchuma wala kuanika. Ni la kujenga, na hasa la yale yanayotakiwa kabla ya kujenga.

Yafaa tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Ghala letu lililovunjwa

Miaka michache iliyopita sisi wa kamati ya tawi, kaskazini ya Pemba, tuliamua kujenga ghala dogo lenye sakafu ya kuanikia mbele yake. Fedha zilikuwepo, mwanachama mmoja alitupa sehemu katika shamba lake, na vuli ilikuwa karibu. Tukasema, "Hapa si mjini. Nani atatuuliza?" Tukachimba msingi kwa siku tatu, tukapanga mawe, na tukainua kuta mpaka usawa wa magoti.

Siku ya nane walikuja Sheha na ofisa wa ujenzi. Hawakutugombeza. Walituuliza mambo matatu tu: ardhi hii ni ya nani na imetolewa kwa kazi gani? Maji ya sakafu yatakwenda wapi? Na mikarafuu ile miwili iliyo pembeni ya msingi ni ya nani? Hatukuwa na jibu hata la swali moja.

Mikarafuu ile ilikuwa ya bibi mmoja mzee, jirani wa shamba. Alirithi miti, si ardhi. Alipoitwa akaja na mkongojo wake, akautazama msingi, akasema, "Wanangu, mizizi yangu mmeikata. Na hapa mlipochimba ndipo njia ya maji, siku za masika hushuka moja kwa moja mpaka kisimani kwangu. Mngeniuliza ningewaonesha." Tulimwomba radhi, naye akatusamehe. Lakini mkarafuu mmoja ulinyauka, na mkarafuu hauzai mpaka upate miaka kama 6 hadi 8. Mpya tuliompandia huenda asiuchume.

Kuta tukazivunja. Ghala lilijengwa baadaye hatua arubaini kutoka pale, kwa kibali, na lingalipo. Hasara tuliyoipata ilitokana na haraka yetu, wala hatuna wa kumlaumu. Ndiyo maana twaandika somo hili.

Kibali ni nini?

Wengi hudhani kibali ni karatasi ya kumridhisha mtu wa ofisini. Sivyo. Kibali ni ushahidi kwamba maswali fulani yameulizwa na kujibiwa wakati majibu bado yana faida. Mstari uliochorwa kwenye karatasi huhamishwa kwa raba ya kufutia. Mstari uliochimbwa ardhini huhamishwa kwa sururu, na uliojengwa huhamishwa kwa nyundo.

Wala si kweli kwamba haya ni mambo ya mjini peke yake. Sheria ya mipango ya Zanzibar iliyotungwa mwaka 1955 ilitaja katika jina lake miji na mashamba pia. Hivi leo Halmashauri za Wilaya zina kazi yake katika ujenzi wa vijijini kama Mabaraza ya Miji yalivyo na kazi yake mjini. Anayejenga Micheweni au Mkoani ana wajibu wa kuuliza sawa na anayejenga Chake Chake.

Maswali yenyewe tumeyagawa mafungu matatu: ardhi, maji, na nguvu ya jengo. Aliyekwisha kuyajibu haya amekwisha kufanya kazi kubwa ya ombi lake.

Swali la kwanza: Ardhi ni ya nani, na ni ya kazi gani?

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Unguja na Pemba iliwekwa mikononi mwa Serikali, na watu wengi wakagawiwa eka tatu tatu za kulima. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 ikathibitisha kuwa ardhi ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Basi anaposema mwanachama "shamba langu," kwa sheria maana yake ni kwamba ana haki ya kulitumia kwa kazi iliyotajwa na kwa masharti yaliyowekwa.

Hapa pana mambo matatu ya kukumbuka.

Kwanza, eka tatu zilitolewa kwa kilimo. Hazikutolewa ziuzwe, wala zikatwe vipande kuwa viwanja. Mwenye kutaka kujenga jengo la kudumu katika eka zake hana budi aulize kwanza kama jengo lile linaingia katika masharti yake. Banda la kuwekea zana na majamvi ni jambo moja, na nyumba ya kupangisha ni jambo jingine.

Pili, miti na ardhi huweza kuwa na wenyewe mbali mbali. Hii ni mila yetu ya zamani, na sheria inaitambua. Mtu huweza kurithi mikarafuu mitano ndani ya shamba la mwingine. Kwa hiyo kabla ya kupima msingi, hesabu miti iliyo karibu na umjue mwenye kila mmoja. Mkarafuu wenyewe haukatwi kwa mapenzi ya mtu. Kuukata kwataka ruhusa, hata kama ni wako.

Tatu, kama ardhi umeipata kwa mtu mwingine, kwa kununua au kwa namna nyingine ya kuhaulishwa, hakikisha uhaulishaji ule umepita katika njia yake. Bodi ya Uhaulishaji Ardhi iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1994 kwa kazi hiyo. Karatasi iliyoandikwa barazani mbele ya mashahidi wawili haitoshi kujengea juu yake ghala la mamilioni. Na ikiwa ardhi ni ya urithi usiogawanywa, wakusanye warithi wote kwanza, pamoja na waliohamia Unguja, Tanga au Mombasa. Ndugu asiyeulizwa kabla ya msingi huja kuuliza baada ya paa.

Swali la pili: Maji yatakwenda wapi?

Hili ndilo swali linalosahauliwa kuliko yote, na ndilo linalogombanisha majirani. Na tupige hesabu.

Tuseme umemwaga sakafu ya kuanikia yenye urefu wa meta 12 na upana wa meta 10. Eneo lake ni meta za mraba 120. Ikinyesha mvua moja kubwa ya milimita 50, sakafu hiyo itapokea lita 6,000 za maji, yaani mapipa 30 ya lita 200. Zamani maji yale yalikuwa yakinywewa na udongo chini ya miti. Sasa yote yatamiminika upande mmoja kwa muda mfupi. Ongeza na yale ya paa la ghala.

Kwa hiyo katika ramani yako onesha mteremko wa sakafu na mahali pa mtaro. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila meta watosha. Katika sakafu yetu ya upana wa meta 10, ncha moja itakuwa chini ya nyingine kwa sentimita 10. Maji yatatiririka, na karafuu hazitavingirika. Mtaro uyapeleke penye miti au kwenye shimo la kufyonza, si njiani wala uani kwa jirani.

Halafu lipo jambo la choo. Penye wachumaji ishirini au thelathini katika msimu, choo ni lazima. Kipimo kinachofuatwa na wataalamu wa afya ni kwamba choo cha shimo kiwe si chini ya meta 30 kutoka kisimani, na chini ya shimo kubaki angalau meta moja na nusu ya ardhi kavu kabla ya kufikia maji. Pale ambapo ardhi ni ya mawe yenye nyufa, maji hupenya upesi na kufika mbali, basi zidisha masafa, na uulize watu wa afya. Pima mpaka visima vyote vilivyo karibu, na cha jirani pia, usipime chako tu.

Ikiwa jengo liko karibu na pwani, bondeni au kando ya msitu wa mikoko, tarajia kuulizwa zaidi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2015 inataka miradi ya namna fulani ichunguzwe athari zake kabla haijaanza. Ghala la mkulima mmoja si sawa na hoteli, lakini ni bora kuuliza kuliko kukisia.

Swali la tatu: Je, jengo litasimama?

Wazee wetu wa Unguja waliijua tufani ya Aprili 1872, iliyoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa kile na kubomoa majumba. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza katika karafuu. Wako waliodhani kuwa tufani ni habari za kale. Lakini mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, upande wa Mafia. Upepo mkali si mgeni kwetu, ila huchelewa kurudi.

Paa la mabati haliangushwi kwa kusukumwa tu. Upepo huingia chini yake na kulinyanyua. Kwa hiyo mkaguzi atataka kujua kenchi zimefungwaje kwenye mkanda, na mkanda umeshikwaje na ukuta. Waya au vyuma vilivyozikwa ndani ya zege la mkanda ni gharama ndogo sana ukilinganisha na paa zima kuokotwa katika shamba la mwenzio.

Sasa uzito. Gunia la karafuu kavu tulihesabu kuwa kilo 50. Magunia 200 ni kilo 10,000, yaani tani 10. Ukiyapanga katika chumba cha meta 4 kwa 5, kila meta ya mraba itabeba kilo 500. Dari ya juu katika nyumba ya kukaa watu kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 tu kwa meta ya mraba. Basi mwanachama anayehifadhi karafuu ghorofani, juu ya vichwa vya watoto waliolala, afikiri mara mbili. Karafuu ziwekwe chini, juu ya mbao zilizoinuliwa ili unyevu usipande, na chumba kiwe na madirisha ya kupitisha hewa.

La mwisho katika fungu hili ni moto. Karafuu kavu ina mafuta mengi, kama sehemu 15 hadi 20 katika kila 100 za uzito wake, na makonyo yake pia yana mafuta. Magunia na majamvi nayo hushika moto upesi. Kwa hiyo jiko la wachumaji lisiegemee ukuta wa ghala, na mafuta ya taa yasiwekwe ndani. Ghala liwe na mlango mpana unaofunguka kwa nje. Katika ramani onesha masafa kati ya jiko na ghala. Ukiyaandika, utayafuata.

Namna ya kuandaa ombi

Anzia kwa Sheha. Yeye ndiye anayejua mipaka, majirani na magomvi ya zamani, na maofisi mengi yatakuuliza kama amekwisha kuarifiwa. Kisha nenda Halmashauri ya Wilaya yako, uombe orodha ya yanayotakiwa kwa jengo la namna yako. Iandike au uombe upewe kwa maandishi, kwa maana orodha ya nyumba ya kukaa, ya ghala na ya duka si moja. Huko huko utaelezwa kama jambo lako linahitaji kupitia kwa watu wa ardhi, wa mipango miji na vijiji, wa mazingira au wa afya.

Kwa ujumla jitayarishe na haya:

1. Karatasi ya haki yako ya ardhi, au ridhaa ya maandishi ya mwenye haki hiyo. Kama ni urithi, ridhaa ya warithi.

2. Ramani ya mahali. Ichore kwa kipimo, sentimita 1 kwenye karatasi iwe meta 2 au zaidi ardhini, ili shamba lienee. Onesha mipaka, njia, visima, vyoo, majengo yaliyopo, na kila mti mkubwa ulio karibu. Onesha pia upande wa mteremko na upande wa Kaskazini.

3. Ramani ya jengo. Hii iwe sentimita 1 kwa meta 1. Onesha msingi, kuta, milango, madirisha na paa, pamoja na vifaa vitakavyotumika.

4. Maelezo ya matumizi. Andika ukweli. Aliyeandika "banda" kisha akajenga nyumba ya vyumba sita, kibali chake ni cha banda, na nyumba yake haina kibali.

5. Ada, na stakabadhi yake. Usilipe chochote bila stakabadhi. Anayekuomba fedha bila karatasi hakupi kibali. Anakuuzia matumaini.

Hifadhi nakala ya kila kitu, nyingine mpe katibu wa tawi. Ukipewa kibali, kisome chote, hasa masharti na muda wake. Baada ya hapo mwite mkaguzi kabla ya kufunika kazi: msingi ukiwa wazi, nondo za mkanda zikiwa hazijamwagiwa zege, na paa likiwa halijapigwa mabati. Kilichofunikwa hakikaguliki ila kwa kuvunjwa.

Vifaa navyo vina vibali vyake

Wengine hupata kibali cha jengo, kisha wakaingia makosani kwa ajili ya vifaa. Mchanga hauchimbwi popote apendapo mtu, kwani visiwa vyetu ni vidogo na mashimo ya mchanga yamekwisha kula mashamba mengi mazuri. Boriti za mikoko ni mali ya msitu, na msitu una sheria yake ya mwaka 1996. Jiwe na kokoto vivyo hivyo. Muulize muuzaji ametoa wapi mali yake, na udai stakabadhi. Jengo la halali lisisimamishwe kwa mchanga wa wizi.

Na waliokwisha kujenga?

Tumeulizwa swali hili mara nyingi, na jibu letu ni moja: usingoje kufuatwa. Nenda mwenyewe, pamoja na ramani ya jengo kama lilivyo, ueleze. Huenda ukaambiwa ulipe, au ubomoe sehemu, au uongeze mtaro. Lakini anayekwenda kwa hiari huzungumza akiwa amekaa kitini, na anayefuatwa huzungumza akiwa amesimama juani. Na kabla ya kwenda ofisini, pita kwanza kwa jirani ambaye maji yako yanamwingilia.

Sisi tulijifunza kwa yule bibi. Alikuwa akijua tangu zamani jambo ambalo hatukulijua hata mmoja katika kamati, na alikuwa tayari kutuambia bure. Kwa sharti la kibali tungalilazimika kupita mlangoni kwake kabla ya kushika sururu. Hiyo ndiyo faida yake kubwa: humlazimisha mjenzi kuwauliza watakaoishi na jengo lake. Kuuliza si ujinga, na kwa mjenzi ni sehemu ya msingi.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano wa tawi

1. Kwa nini haitoshi kusema "shamba ni langu" unapotaka kujenga?

2. Katika shamba lako kuna miti isiyo yako? Wenyewe unawajua?

3. Sakafu ya meta 8 kwa 10 itapokea lita ngapi katika mvua ya milimita 50? Yatakwenda wapi? (Jibu la hesabu: lita 4,000.)

4. Pima kwa hatua kutoka choo chako mpaka kisima kilicho karibu. Ni meta ngapi?

5. Magunia 120 ya kilo 50 yakiwekwa katika chumba cha meta 3 kwa 4, kila meta ya mraba itabeba kilo ngapi? (Jibu: kilo 500.)

6. Ni kazi zipi zisizofaa kufunikwa kabla ya mkaguzi kuziona?

Makatibu wa matawi wanaombwa walisome somo hili kwa sauti mkutanoni, kwa ajili ya wazee wetu ambao macho hayawasaidii tena. Mwanachama anayetaka kusaidiwa kuchora ramani aje na vipimo vyake, nasi tutakaa naye.

Twawatakia mavuno mema, na majengo yatakayorithiwa bila magomvi.